Kalo Alipopelekwa Likizo

Mchungaji alipomaliza kuwaombea wagonjwa, alimshukuru Mungu kwa kumpa dada yetu Kalolaine mtoto, nami nikaitikia amina pamoja na kanisa zima. Mwanangu alikuwa begani, ametoka kunicheulia kwenye gauni, na nilikuwa nahangaika kutafuta kitambaa. Ilipita kitambo ndipo nikajiuliza: mtoto gani? Wifi yangu Kalolaine ana miaka hamsini na ushei na hajawahi kuzaa. Nikageuza shingo. Alikuwa ameketi benchi la mbele, amenyooka, kajifunga mkeka mpya kiunoni kama wavaavyo kwetu siku za heshima, na kina mama waliokaa naye walikuwa wanampapasa mgongo. Halafu benchi zima likageuka likanitazama mimi. Kisha wakamtazama mtoto wangu.

Nikamkumbatia kwa mikono miwili.

Tulikuwa tumekuja likizo. Nalisema hilo mapema, maana siku ile nilikuwa mtu pekee katika Tonga nzima aliyeliamini. Tunaishi Auckland, mimi na mume wangu Penisimani, ambaye hata bosi wake anamwita Peni. Kalo alikuwa na miezi mitano, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu ya kwanza naye. Mwenye mtoto mchanga ananielewa: nilifungasha kama mtu anayehama. Beseni la kuogea, chandarua, dawa ya tumbo, nepi za kutosha kijiji. Mpango ulikuwa mtamu. Jumamosi tufike, tulale kwa wifi kijijini, Jumapili tusali na kula, Jumatatu tushuke pwani ya magharibi tulikokodi kibanda ufukweni, wiki nzima, mtoto achovye vidole vya miguu baharini na baba yake alale mchana kama paka. Nilikuwa nimemnunulia Kalo hadi kofia.

Wifi alitupokea kwa machozi. Alimtwaa mtoto mikononi mwangu palepale uwanja wa ndege, na tangu hapo alimrudisha kwa kunyonya tu. Sikuona ajabu. Kwetu shangazi ni mkubwa kwa mtoto kuliko baba na mama wakijumlishwa. Yeye ndiye aliyempa Kalo jina, tena lake mwenyewe, nami nililipokea kwa moyo mweupe. Chumbani nilikuta kitanda cha mtoto cha mbao, kimepakwa vanishi, kinang'aa. Nikasema moyoni, huyu wifi ana upendo. Kumbe mjinga ni mimi.

Basi tulipotoka kanisani, miguu yangu ilikuwa imeshajua jambo ambalo kichwa kilikuwa bado kinalikataa. Kalolaine alitangulia na mtoto, amezungukwa kama bibi harusi. Mimi nilibaki nyuma na Bi Losaline, jirani, mwanamke mkavu mwenye mwavuli mweusi. Akanishika kiwiko.

"Una moyo, mwanangu," akasema. "Wangu wa kwanza naye alichukuliwa na wifi. Nililia mpaka viazi vikavunwa. Lakini utapata mwingine, bado kijana wewe."

"Alichukuliwa akarudishwa lini?"

"Arudishwe wapi? Ana wajukuu sasa."

Alisema hivyo huku anaruka dimbwi, asichafue viatu. Mambo haya nilikuwa nayajua. Nani wetu hayajui? Baba yangu mdogo alilelewa hivyohivyo. Ila kwangu yalikuwa mambo ya wazee, ya kusimuliwa kwenye misiba watu wakisubiri chai. Sikudhani yanaweza kupiga hodi kwa mtu mwenye pasipoti na tiketi ya kurudi.

Nilipitia nyuma ya nyumba. Peni na binamu yake Maka walikuwa wanafukua umu, tanuri letu la shimoni, udongo na majani ya migomba vimetupwa pembeni, mawe ya moto yanafuka moshi, na harufu ya majani ya magimbi yaliyoiva kwa tui na nyama imejaa uwanja mzima. Siku nyingine ningeshikwa na njaa.

"Peni, njoo."

"Nyama itaungua."

"Iungue."

Maka aliweka koleo chini polepole. "Mimi naona niende nikatazame nazi."

"Kaa hapohapo, Maka. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Shemeji, kijiji kizima kinajua. Mbwa wanajua. Kile kitanda nimekipaka vanishi mimi."

Nikamgeukia mume wangu. Peni ni pande la mtu, akisimama mlangoni chumba kinaingia giza, lakini pale alikuwa anachokoa udongo kwa kidole gumba cha mguu.

"Alipiga simu," akasema. "Ulikuwa hujajifungua bado. Akasema, huyo wa kwanza uniletee. Nikasema ndiyo."

"Ukasema ndiyo."

"Nilidhani anataka nimlete amwone."

"Ulidhani?"

Akasema kweli, na hilo namshukuru: "Nilitaka kudhani hivyo."

"Basi nenda sasa hivi ukamwambie mmeelewana vibaya."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo madhabahuni. Na mimi nilijua kwa nini, ndiyo maana nilizidi kupandwa na hasira. Kwetu mwanamume habishani na dada yake. Hatanii mbele yake, hatamki la ovyo akimsikia, na akijua dada amejinyoosha chumbani hatii mguu humo. Simu ya Kalolaine ikiita, Peni huipokea amesimama, na tunaishi ng'ambo ya bahari.

"Siruhusiwi hata kuingia alimolala," akasema, "niingie kumwambia hapana?"

"Yeye ni mtu, Peni. Hatakumeza."

"Mama alipokufa, yeye ndiye aliyekuwa akinitafunia chakula. Sijui neno hilo linatokaje mbele yake, Sieli. Nalitafuta kinywani silioni."

"Kwa hiyo nimwache mwanangu kwa sababu wewe umepoteza neno?"

Maka alikuwa anayatazama mawe kwa bidii kubwa. Na sitadanganya, haikuwa hasira peke yake. Niliogopa. Jumapili kisiwani hapa hairuki ndege, halifunguliwi duka, mtu huwezi hata kumpata dereva. Na hata ningeweza kukimbia na mtoto, Peni angekuwaje? Angebaki hana dada, hana kwao, na angenitazama miaka yote iliyobaki nikiwa ndiye niliyemnyang'anya. Lakini kati ya hayo na Kalo kulelewa mbali nami, niliona nimeshachagua kabla sijaulizwa.

Nikaingia chumbani mwenyewe.

Kalolaine alikuwa amejilaza kwenye mikeka kando ya Kalo, anampepea kwa pepeo. Mtoto amelala fofofo, mdomo wazi.

"Ingia, wifi. Funga mlango, nzi hao."

"Wifi, kile kilichosemwa kanisani ni nini?"

"Si umesikia? Mchungaji hana sauti ndogo."

"Kalo ni mwanangu."

"Nani kasema si wako? Umemzaa wewe. Mimi nitamlea. Utakuja kumwona kila ukipata likizo."

Neno hilo lilinichoma. "Peni alikujibu tu, wifi. Peni hajui kukataa. Mwaka jana amenunua mafagio kwa kila aliyegonga mlango. Tuna mafagio ya kufagilia kisiwa."

Akacheka, cheko la mtu anayempenda anayesemwa. "Ndivyo alivyo tangu mdogo."

"Na mimi sikuulizwa."

"Huulizwi, wifi yangu. Si dharau. Marehemu mama naye hakuulizwa walipomchukua mdogo wetu. Alipika, watu wakala, akaenda kulala."

Nilimtazama Kalo. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji kwa jasho.

"Simtoi," nikasema.

Pepeo likasimama. "Umesemaje?"

"Simtoi. Nisamehe. Nakuheshimu, nitakupikia, nitakufulia, jina lako amelibeba na atalibeba. Lakini mtoto simtoi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Nilikuwa tayari hata kwa kofi. Lililokuja sikulitarajia: Kalolaine alishtuka. Alishtuka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto akidhani ya baridi. Nadhani maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo, si kaka zake, si wake zao, si mchungaji. Uso mpana wa yule mama wa kuogopwa ukawa mdogo ghafla.

"Nimeshawaambia watu," akasema, sauti imeshuka. "Wamemsukia mkeka. Wote wameusuka, zamu kwa zamu."

"Najua, wifi."

"Hujui. Nilikuwa nimeanza kuamka usiku." Alikuwa anamtazama mtoto, si mimi. "Kujizoeza. Nakaa kitandani, napasha maji, narudi kulala. Nisije nikazidiwa na usingizi akilia."

Hapo machozi yalinitoka. Nilimwonea huruma mpaka kifua kikauma, na huku namwonea huruma nilikuwa nimeshikilia pindo la blanketi la Kalo kwa ngumi. Nililia, lakini neno langu sikulirudisha.

Nje tukasikia nyimbo. Kina mama walikuwa wanaingia uani na mkeka wao. Kalolaine alijifuta uso kwa mkono, akakaza mkanda wa kiunoni, akamnyanyua mtoto.

"Wifi, tafadhali," nikasema, nikamshika mkono wa gauni. Nilijua akishaketi naye mbele ya wale wanawake, basi. Mtoto hanyakuliwi mikononi mwa shangazi mbele ya kijiji. Hata mimi, na ukali wangu wote, nisingeweza.

"Niachie, Lesieli."

Hakuwahi kuniita jina. Nikaachia, na mpaka leo sijui ni kwa nini.

Sebuleni palikuwa pametandikwa kitambaa kirefu cha gome la mti, wanawake wameketi pembeni, wanaume wamebaki barazani. Peni alikuwa amekaa chini nje ya kizingiti, kichwa amekiinamisha. Mmoja wa kina mama alisema maneno ya kukabidhi, marefu, mazuri, sikuyasikia. Nilikuwa nauona mkono wa Kalolaine ulivyomkumbatia mwanangu tu. Akaletewa mkeka, mlaini kama kitambaa, akauinua hadi kichwani kushukuru.

"Asanteni," akasema. "Mtoto huyu ni wangu. Kuna mtu humu anabisha?"

Hakuna aliyebisha, hata mimi.

"Kaka yangu alinipa. Mungu ameshukuriwa. Mkeka huu hapa. Ni wangu." Akavuta pumzi. "Basi kwa kuwa ni wangu, nampa nimtakaye amlee. Nimemchagua wifi yangu Lesieli."

Mtu akauliza, "Nani?"

"Lesieli. Yule pale anayelia. Bado kijana, ana maziwa, mumewe ana kazi na anamwogopa. Nimezunguka kote kichwani sijaona nyumba nzuri zaidi ya hiyo. Kama mnaijua, nitajieni."

Kicheko kilianzia kona moja, kidogo, cha wasiwasi, kisha kikashika nyumba nzima. Maka alipiga kofi ukuta wa baraza. Wanawake wakanijia kunikumbatia, mmoja baada ya mwingine, wananipa hongera ya kupata mtoto, na hakuna aliyefanya mzaha, walimaanisha. Peni alikuwa analia waziwazi, hajifichi. Ni Bi Losaline peke yake ambaye hakucheka wala hakunyanyuka. Alikuwa anamtazama Kalo, mwavuli mapajani, na macho yake sitaki kuyakumbuka.

Kalolaine alinijia kwa magoti juu ya kile kitambaa, mtoto kamviringisha katika mkeka mpya, akaniwekea mapajani. Akainama kunibusu shavu, akaninong'oneza, wengine wasisikie:

"Usimlete tena mpaka ajue kukimbia mwenyewe aje kwako. Akiwa bado wa kubebwa hivi, sitaweza kumtoa mara ya pili."

Kisha akarudi mahali pake, akaketi, akasubiri, na watu wote wakasubiri pamoja naye. Nikakumbuka kinachopasa. Nikaushika ule mkeka na mtoto ndani yake, nikauinua hadi usawa wa kichwa changu, nikamshukuru mbele ya wote kwa kunipa mwanangu.