Mkasi Mpya wa Alhamisi

Pale kwenye chumba cha upasuaji walimwita Bi Mkasi, maana vifaa vyote vilipita mikononi mwake. Alichokijali kuliko vyote ni mkasi wa umeme, unaobana mshipa, ukauchoma hadi uzibe, kisha ukaukata. Waliouunda walisema utumike mara moja, utupwe. Thubutu! Bi Mkasi alikuwa ameuosha na kuutakasa mara kumi na moja, na wakubwa wakamsifu kwa kubana matumizi.

Jumatatu asubuhi mtunza stoo akamletea mpya, mmoja tu. Siku hiyo alikuwepo mama wa kupasuliwa, saratani ya ovari imeshasambaa tumboni. Alhamisi ilikuwa zamu ya dada yake Bi Mkasi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ugonjwa ni uleule. Bi Mkasi hakujiuliza mara mbili. Mpya akaufungia kabatini, mezani akapeleka mkongwe.

Mkongwe ukabana, ukafuka moshi, ukakata. Kuziba, haukuziba. "Uzi! Upesi!" daktari alifoka, lakini damu haikungoja uzi, na yule mama akakata roho mezani. Mumewe alimshika Bi Mkasi mikono yote miwili, akamshukuru kwa kujitahidi. Akashukuru! Naye akaitikia, "Pole sana, baba."

Alhamisi walimwambia apumzike, akang'ang'ania kuingia. Pakiti ya mkasi mpya akaichana mwenyewe. Daktari akafungua tumbo la dada, akapapasa. Vivimbe vilikuwa vimetapakaa utumbo mzima kama mtama uliomwagika.

"Hapa hakuna cha kukata. Tunafunga. Pole, Bi Mkasi." Kisha macho yake yakatua mezani. "Kumbe tuna mpya? Umeletwa lini?"

"Leo asubuhi."

"Aisee. Ungewahi siku tatu tu, yule mama wa Jumatatu tungekuwa naye wodini."

Bi Mkasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, na nyuzi za kushonea zilikuwa zikisubiriwa, akazitoa.

Jioni dada alizinduka, midomo imemkauka.

"Mdogo wangu, uvimbe wameutoa wote?"

"Wote, dada."

"Nilijua. Ukiwepo wewe, mimi sina wasiwasi."

Bi Mkasi akachovya pamba kwenye maji, akamlowanisha midomo. Alijichukia. Huo ulikuwa uongo wake wa pili siku ile, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.