Pedali za Gari la Mwalimu

Kila gari lililopita kwenye kituo cha Kavu cha kuosha magari lilimaliziwa na Kavu mwenyewe. Wenzake wakishaosha, wakishafyonza vumbi na kupaka dawa ya kung'arisha kwenye dashibodi na milango, yeye aliwatimua wote, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha dereva na kufunga mlango. Baada ya dakika kumi alitoka, akamkabidhi mwenye gari ufunguo, basi. Alikuwa akifanya nini humo ndani, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Mdogo wake, baba wa watoto watatu aliyefanya kazi naye miaka sita, alidhani kaka anapumzisha mgongo.

Jina la Kavu alipewa na wateja. Magari ya kwingine yalitoka yanameremeta ndani utadhani yamekaangwa. Ya kwake yalitoka na weusi uliotulia, na ukipitisha kidole juu ya dashibodi, kidole kilirudi kikavu. Siri yake ilikuwa maji. Dawa ilikuja kwenye dumu, nzito kama uji, na hakuipaka hivyo hata siku moja. Kwa dashibodi alitaka kipimo kimoja cha dawa kwa vitatu vya maji, ili mng'aro usije ukarudi kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva macho. Kwa plastiki ya milango iliyopauka alikubali nusu kwa nusu. Dawa aliipulizia kwenye kitambaa, si kwenye gari, akapaka, akangoja, kisha akafuta kwa kitambaa kingine.

Aliyeizimua dawa hiyo ni mkewe. Aliizimua jikoni kwake tangu mwaka walipooana, akaijaza kwenye chupa za kupulizia, na asubuhi mumewe akaondoka nazo. Kavu alipofariki, kwa ugonjwa wa kifua uliomchukua siku tatu tu, mjane alikaa ndani mwezi mzima. Siku moja aliamka, akazimua dawa kama kawaida, akazibeba chupa mwenyewe hadi kituoni. Shemeji yake, yule mdogo wa Kavu, alimwona akija, akaenda kumpokea.

Walikuwa na wiki ya tatu hivyo, wawili hao, siku mwalimu mstaafu alipoleta kigari chake cha buluu. Binti yake amejifungua, ng'ambo ya bonde, na yeye na mkewe wanakwenda kumwona mjukuu. Hakutaka kumpakia mtoto kwenye vumbi.

"Kitoke kama alivyokuwa akikitoa mwenyewe," alisema mwalimu, kisha akaona amesema vibaya, akakohoa. "Yaani, vyovyote tu."

Mjane alikuwa nyuma akifua vitambaa gari lilipomalizika. Alisikia mlango ukifungwa, akasikia mwalimu akishukuru, akasikia gari likiondoka. Aliporudi mbele na kuanza kukusanya chupa, ile ya nusu kwa nusu aliiona nyepesi mno.

"Shemeji, hii mbona imekwisha? Milango minne tu ya kigari kile?"

"Milango haikula nyingi. Ni pedali." Shemeji alikuwa akijipangusa mikono, amejaa furaha. "Zilikuwa zimepauka kama majivu. Nimezipaka mara mbili. Ungeziona, shemeji. Nyeusi tititi. Na usukani nikaupitishia kidogo."

Mjane aliiweka chupa chini. Jioni moja, zamani, alimwuliza mumewe kwa nini nyayo zake zinarudi nyumbani na weusi wa mpira, naye akamweleza huku akizisugua. Pedali na usukani havipakwi dawa. Ni sabuni, maji na kitambaa kikavu, kisha unavua viatu na kuzikanyaga, kwa sababu kiatu hakisemi ukweli lakini unyayo unasema. Alimwambia yeye kwa kuwa aliuliza.

"Zinateleza, shemeji," alisema polepole. "Kaka yako hakukwambia?"

"Angeniambia saa ngapi, na mlango alikuwa anafunga?" Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Mimi nilikuwa naona zinatoka nyeusi tu. Nikasema mwalimu asije akasema kazi imeshuka tangu kaka aondoke."

Mjane alikuwa ameshashika simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mwalimu hakuwa mtu wa kupokea simu akiendesha, na aliwasema sana wanaopokea. Mbele yake kulikuwa na mji mzima wa kupita, halafu kituo cha mafuta, halafu mteremko wa bonde wenye kona saba.

Jirani yao, fundi wa matairi, alikuwa na pikipiki. Alisikia nusu ya habari, akamrushia kofia ngumu.

"Shika hapa, mama. Wala usinipigie kelele sikioni, nitakwenda ninavyokwenda."

"Nenda tu."

Walipita shule, wakapita wauza mbao, wakapita mahali ambapo barabara inabomolewa na magari yanapishana moja moja. Kila gari la buluu lilimrusha moyo. Alijaribu kuhesabu ni dakika ngapi zimepita akashindwa. Jambo moja tu lilikuwa likizunguka kichwani: wale wazee wawili, na kona ya kwanza.

Kigari kilikuwa kwenye kituo cha mafuta. Pua yake ilikuwa imegota kwenye lundo la matairi machakavu, pembeni mwa pampu ya upepo, na mlango wa dereva ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, mzima, shati halina hata kunyanzi. Mkewe alisimama mbele yake, ufunguo ameufumbata.

Mjane alishuka kabla pikipiki haijasimama sawasawa.

"Umekuja kwa wakati," alisema mke wa mwalimu. "Mwambie huyu, mimi nimechoka. Nilitaka tuchukue teksi toka asubuhi."

"Hakuna cha kuambiwa tena," alisema mwalimu. Alikuwa akijisugua goti. "Nimeingia kujaza upepo. Nimekanyaga breki, mguu ukaenda zake pembeni, kana kwamba si wangu. Miaka arobaini na miwili naendesha. Basi, umekataa. Tutaliuza." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma matokeo ya mitihani ya mtoto wa mwingine.

Hakuna aliyekuwa akimlaumu mjane. Angeweza kuomba kitambaa, akapangusa pedali kwa kisingizio cha kusaidia, akawatakia safari njema. Kibao cha kituo chao bado kilikuwa na jina la Kavu, na mjini habari hazikawii kufika. Alimtazama mzee akijisugua goti lile zima.

"Mwalimu," alisema, "mguu wako hauna kosa. Ni sisi."

"Ni nyinyi vipi?"

"Tumezipaka pedali dawa ya milango. Hazipakwi. Marehemu hakuzipaka hata mara moja. Ni kosa letu, na nimekuja mbio kukuambia."

Mwalimu aliacha kusugua. "Rudia."

"Pedali zinateleza. Yeyote angeteleza."

"Hata kijana?"

"Hata huyu." Alimwonyesha fundi wa matairi.

"Mimi ningekuwa nimeshafika bondeni," alisema fundi. "Kwa kichwa."

Mke wa mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika paa la gari. "Na mimi nimeshamwambia nitamnunulia fimbo," alisema. "Nimeshamchagulia na rangi."

Mwalimu alisimama. Akaurusha mguu mbele, mara mbili, akaukagua kama aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. "Mama watoto, lete ufunguo."

"Tulia kwanza zisafishwe, kijana."

Wahudumu walileta ndoo, sabuni na brashi. Mjane alipiga magoti kwenye lami, akasugua breki, akasuuza, akasugua tena, mara tatu. Akapangusa usukani hadi ukakwaruza kiganja. Kisha akavua viatu, akaingia, akafunga mlango. Mle ndani kelele za barabarani zilikatika. Akakanyaga. Mpira ukamshika unyayo, ukakataa kumwachia. Alikaa humo kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na hakuna aliyemgongea kioo.

Simu yake ililia alipotoka. Alikuwa shemeji.

"Wako wazima," alimwambia kabla hajaulizwa. "Na gari zima. Shemeji? Upo?"

"Nipo. Nimekaa chini."

"Kaa. Nakuja."

Mwalimu alizunguka na gari mara mbili hapo hapo uwanjani, akisimama kila hatua chache, mkewe akiyumba mbele na kurudi nyuma na kumwambia imetosha, wameshaamini. Kisha wakaingia barabarani, mkono wa mama ukipunga dirishani.

Mjane na fundi walisogea hadi mwanzo wa mteremko kuwatazama. Kigari kilikaribia kona ya kwanza. Taa nyekundu za nyuma zikawaka, gari likapunguza mwendo, likapinda taratibu. Kona ya pili, zikawaka tena.

"Anabana breki kuliko inavyotakiwa," alisema fundi wa matairi.

"Mwache abane," alisema mjane, akashusha pumzi, akabaki kuhesabu kona hadi ya saba.