Subilaga wa Mstari wa Mbele

Usingizi unanikamata mchana kweupe, ofisini kwa walimu, kichwa changu kikiwa juu ya madaftari ya darasa la tano na mvua ya Tukuyu ikipiga bati bila adabu, nami najiambia nafumba macho dakika mbili tu kisha nirudi kwa watoto, maana kesho ni mashindano ya kwaya ya wilaya na wimbo wetu wa kutunza mto bado unashuka sauti kwenye ubeti wa tatu, unashuka kila siku palepale, na mimi, Mwalimu Tusekile, nimefundisha kwaya miaka kumi na minne na sijawahi kukubali wimbo ushuke. Leo asubuhi nimelimaliza tatizo hilo kwa njia tunayoijua sisi walimu wa kwaya na hatuisemi mbele ya wazazi. Nimemwinamia Subilaga, mdogo kuliko wote, anayesimama mbele katikati na ambaye sauti yake ndiyo inayoushusha wimbo, nikamnong'oneza, Kesho wewe chezesha mdomo tu, mwanangu, sauti usitoe. Akanijibu, Ndiyo, mwalimu, akatabasamu, na tabasamu lile linanifuata hata sasa ninapoinuka kwenda stoo kuchukua sare, nafungua mlango wa stoo, na ndani hakuna sare, wala hakuna ukuta wa nyuma, kuna barabara.

Ni barabara nyekundu inayopanda na kuteremka, inapanda tena, na nikigeuka naona kwaya yangu yote inanifuata kwa mistari minne, watoto arobaini, soksi zimevutwa hadi magotini, hakuna hata mmoja aliyechafuka, na hilo peke yake lingetosha kunifahamisha kwamba hapa si kwetu. Mbele kuna mji, na mji wenyewe ni shule yetu, bendera ileile, rimu ya gari ileile tunayoigonga kuwa kengele, ila kila kitu kimegeuzwa, migomba iliyo kulia iko kushoto na tangazo la mashindano ubaoni linasomeka kutoka mwisho kwenda mwanzo. Langoni amesimama mtu mwenye suti na beji ya jaji kifuani, na mahali pa uso wake pako safi kama ubao uliofutwa. Shikamoo, nasema, maana heshima ni heshima hata kwa asiye na uso, ukumbi uko wapi? Marahaba, anasema, umetoka na wangapi? Arobaini. Mbona umefika na thelathini na tisa? Nahesabu vichwa, arobaini. Nahesabu tena kwa kuwagusa mabega, arobaini. Hesabu tena, anasema, safari hii ukiwa umefumba macho. Majaji nawajua, wanapenda kumchosha mtu kabla hajaimbisha, kwa hiyo namsonya kimoyomoyo na kuendelea na safari.

Kwa mbali kipaza sauti kinaitaja shule yetu, kinaitaja tena, na najua kwamba kikiitaja mara ya tatu kabla hatujaimba tumetolewa, kwa hiyo nasimamisha kwaya palepale barabarani ili nitoe noti ya kuanzia, kama ninavyofanya siku zote, naguna do, kisha nawagawia kila kundi sauti yake. Do haiji. Koo ni zima, pumzi ipo, noti haipo, na watoto wananitazama midomo ikiwa tayari, maana hakuna kwaya inayoanza kabla mwalimu hajaitoa. Nakimbilia mji wa pili, ambao ni shule yetu tena, namkuta mama anaanika mahindi, namwomba, Mama, nisaidie do moja tu, naye anafungua mdomo vizuri kabisa, wa duara, kama ninavyofundisha mimi, na hakuna kinachotoka. Jirani yake vilevile. Na mwingine, na mwingine, mji mzima unachezesha midomo, na sasa nina hofu. Yule mtu asiye na uso yuko kando yangu, sijui amefikaje. Namuuliza, Wamefanywa nini hawa? Waliambiwa, anasema. Na nani? Na mtu aliyewapenda. Nataka kumjibu kwa ukali, ukali ninao wa kutosha, lakini nageuka na kuona katikati ya mstari wa mbele pana nafasi ya mtoto mmoja.

Basi nasahau ukumbi. Nakimbia nikiita Subilaga, mji wa tatu, wa nne, kila shule ni yetu na kila darasa ni tupu, mpaka nasikia fagio, na juu ya fagio wimbo, wimbo wetu wa kutunza mto, na anayeimba ni yeye, peke yake, anafagia darasa huku akiimba chini, chini kabisa, kule tunakowaweka kina Ambilikile, wale wa mstari wa nyuma wenye miguu mirefu. Nasimama dirishani. Ubeti wa tatu unafika na haushuki. Kumbe mtoto huyu hashushi wimbo, anarudi nyumbani kwake, kwenye sauti ya chini, na mimi kila siku namvuta shati arudi juu! Maana mimi huwapanga kwa kimo, wafupi mbele, na mstari wa mbele ni sauti ya kwanza, ile ya juu, nimefanya hivyo tangu siku ya kwanza ya kazi na sijawahi kujiuliza. Nimempa mtoto sauti kwa kumpima urefu. Naona aibu, aibu ya kweli, ile ya kutaka kujificha nyuma ya kabati. Akisimama nyuma hataonekana, anasema asiye na uso begani mwangu, na safu zikiharibika alama zinapungua, utampeleka yupi ukumbini, anayeonekana au anayesikika? Nitamtafutia kigoda, nasema, apande juu yake, na alama zako kaa nazo. Anacheka, sijui kwa mdomo gani, na kipaza sauti kinaitaja shule yetu mara ya tatu.

Nainua kichwa. Shavu langu limenata kwenye daftari la mtoto, mvua imekatika, na mlangoni amesimama Subilaga. Shikamoo, mwalimu, umeniita. Marahaba, nasema, ingawa sikumbuki kumwita, au nilimwita, ila kule ndotoni. Niimbie ubeti wa tatu, mwanangu, sauti ya kina Ambilikile. Anasimama wima, anafungua mdomo, wa duara, mzuri, midomo inacheza neno kwa neno, na sauti haitoki. Sijui kama bado niko katika ile miji, au ni mtoto tu anayetii alichoambiwa asubuhi, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Napiga magoti mbele yake, bila kujali vumbi. Subilaga, nilikosea. Mimi ndiye niliyekosea, si wewe. Imba. Anauliza polepole, Kwa sauti, mwalimu?

Kwa sauti, nasema. Anavuta pumzi, tumbo linajaa kama nilivyomfundisha, na mimi nisiyejua kama nimeamka nalia kabla hajatoa noti ya kwanza.