Giligilani za Bi Hadija

"Huyu Lukumani kanitumia dawa au udongo?" mama mkwe aliuliza, akikigeuza kidonge cha kahawia kiganjani.

Ulikuwa udongo. Ndani ya boksi mlikuwa na trei ya plastiki, mfuniko wake, vidonge vya udongo mkavu na pakiti mbili za mbegu, mrehani na giligilani. Lukumani, mume wangu, alikiona kibustani hicho cha ndani dukani Dar es Salaam mwaka ule wa 2006, akamkumbuka mama yake aliyevunjika mguu. "Alime kitandani," aliniambia kwenye simu huku akicheka. Mimi sikucheka.

Tangu Bi Hadija alipoteleza na mzigo wa ufuta kichwani, alikuwa ameugeuzia ukuta uso. Mfupa ulikwishaunga, daktari alisema atembee, lakini wapi! Mwanamke ambaye kijiji kizima cha Mkotokuyana kilimkuta shambani kila alfajiri, sasa hata uji mpaka nimbembeleze. Niliogopa, jamani. Ndoa yangu ilikuwa changa, na mama wa watu alikuwa ananififilia mikononi.

Nikataka tupande siku ileile.

"We Moza! Nani anapanda kiangazi?"

"Hizi ni za ndani, Mama. Hazingoji mvua."

"Mbegu ni mbegu. Zitundike jikoni juu ya moto, zisiliwe na wadudu."

Ndivyo tunavyotunza mahindi ya mbegu huku kwetu, yanakula moshi mpaka msimu. Mkwe mgeni nibishe nini? Nikazitundika.

Mvua ya kwanza ilipopiga, aliniita mwenyewe. Tukaloweka vidonge, vikavimba kama maandazi, naye akatabasamu. Alipanda kwa vidole vyake, trei ikakaa juu ya sanduku kando ya kitanda. Kila asubuhi akawa anachungulia. Hola. Jasho tu kwenye mfuniko.

"Basi," alisema hatimaye. "Mguu ulitangulia, sasa na mkono umekufa. Mkono wangu haujawahi kukosa, Moza." Akageukia ukuta tena.

Nilikwenda jikoni kulia. Nikachukua zile pakiti tupu nikoleze moto, ndipo nikaona nailoni ilivyojikunja na kuungua pembeni. Nilirudi mbio, adabu zote nikaziacha jikoni.

"Mama, si mkono! Mbegu tumezikaanga!"

Akaishika pakiti, akainusa. Kisha akaangua kicheko, kitanda kikalia naye, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Yarabi! Tumekaanga kiungo hata hakijaota!" Akanyoosha mkono. "Kwenye kopo la viungo vya pilau, giligilani zimebaki?"

Zilikuwepo. Alizisugua zikapasuka, akapanda upya. Na zikaota! Vijiti vyembamba, vyeupevyeupe, vyote vimelalia upande wa dirisha. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini yeye alikigusa kimoja kwa ncha ya kidole.

"Vinataka jua hivi," alisema. "Humu ndani vitakufa."

"Nivitoe nje?"

"Kwani umevipanda wewe? Nipe fimbo."

Nikampa. Trei aliibana kifuani, bega langu akalikataa. Alikwenda akiuburuta mguu, akitukana kila kigoda kilichokaa njiani, nami nyuma yake sithubutu hata kukohoa. Mlangoni akasimama, akapepesa macho kwa mwanga, akaiweka trei juani taratibu. Halafu akauangalia uwanja.

"Magugu yote haya, Moza, na watu mmo ndani!" akasema. "Jembe langu mmeliweka wapi?"