Meza ya Sufu na Hariri

Mama Pacha alikuwa akigeuza suruali za kaki ndani nje na kufunga zipu kabla ya kuzitia mashine, lakini macho yake yalikuwa upande wa dirishani. Huko ndiko ilikokuwa meza ya sufu na hariri, na tangu wiki iliyopita aliyesimama pale alikuwa wifi yake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta. Mumewe alimwomba amtafutie dada yake mdogo kibarua, na Mama Pacha akampeleka kwa meneja wa dobi, akamsemea. Akamfundisha kila kitu. Nguo mpya ya rangi unaijaribu kwanza pindoni kwa kitambaa cheupe kilicholowa, uone kama inachuja. Nyeusi unazifua na nyeusi tupu. Rangi kali zinataka maji baridi, na uzianike kivulini, maana jua linapausha kuliko sabuni. Sweta la sufu halikamuliwi. Unalifunga kwenye taulo, unalibonyeza, kisha unalilaza likauke taratibu lisije likanywea.

Wifi alikuwa mwepesi wa kushika. Alikuwa pia na uso wa kupendeza na sauti ya kubembeleza, na nafasi ya pale mezani ilipopatikana, meneja hakumfikiria kabisa Mama Pacha, aliyekuwa akiingoja kwa miaka. Alisema wateja wa nguo za thamani wanapenda kuhudumiwa na mtu mwenye tabasamu.

"Kwani mimi meno yangu yana nini?" Mama Pacha alimwuliza mumewe.

Mumewe alicheka, akamwambia afurahi tu, si riziki imeingia nyumba ile ile. Ni kweli, iliingia nyumba ile ile. Lakini Mama Pacha alikuwa akirudi na vidole vilivyochubuka kwa dawa ya madoa, na wifi akirudi ananukia marashi ya watu. Mezani pa chakula mumewe alimwuliza dada yake habari za kazini, akasikiliza mpaka mwisho. Yeye mkewe hajawahi kuulizwa. Hilo ndilo lililomkwama kooni.

Asubuhi hiyo meneja aliingia amekunja uso. Bili ya maji ilikuwa imepanda tena, na mwenye jengo naye amepandisha kodi. Akatangaza kwamba mambo ya kufua kwa mkono yamekwisha. Mabeseni akayafungia stoo. Kila kitu kiingie mashine kubwa, maji ya moto, chapchap, zamu itoke. Wifi akauliza kwa adabu, na sufu je? Meneja akamjibu kwamba sufu nayo ni nguo, akaenda zake ofisini.

Mashine kubwa ilikuwa upande wa Mama Pacha. Wifi akaja na nguo ya kwanza, sweta la zambarau la mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa siku nyingi. Lilikuwa limefumwa kwa mkono. Akasimama mbele ya mashine amelikumbatia kama amepewa mtoto wa mwenzake amshikie. Alimgeukia Mama Pacha, akamtazama usoni.

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo sana, kutikisa kichwa tu. Nyuma ya jengo kulikuwa na bomba na ndoo safi; wangelifua kwa siri, kama walivyozoea kumficha meneja mambo mengine. Mama Pacha aliyaona yote hayo. Aliona pia hereni mpya masikioni mwa wifi, zawadi ya mteja. Akainamia suruali zake, akajishughulisha na zipu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Akasikia mlango wa mashine ukifungwa.

Sweta lilitoka limenywea, gumu kama zulia, mikono yake ya kumtosha mtoto wa chekechea. Zambarau ilikuwa imepauka.

Mwalimu alikuja mchana. Hakugomba. Alilitandaza sweta juu ya kaunta, akalipitisha kiganja, akasema lilifumwa na marehemu dada yake. Angegomba, meneja angejua la kufanya. Ule upole ulimtia kiwewe. Akamwita wifi.

"Nani alikwambia utie sufu kwenye maji ya moto?"

"Wewe, bosi. Asubuhi. Ulisema kila kitu."

"Mimi? Niliyeanza kazi hii hujazaliwa?" Akageuka. "Mama Pacha, wewe ni mtu mzima. Ulinisikia nikisema hivyo?"

Mama Pacha alifikiria kodi ya chumba, na wanawe, na kwamba anayembishia meneja huwa hamalizi wiki. Lakini hakuweza kujidanganya kwamba ni woga tupu. Kulikuwa na kitu kingine kifuani, kitamu, na alikionea haya hata wakati kinapanda. Akasema hakusikia vizuri, mashine zilikuwa zinapiga kelele.

Wifi akavua aproni. Meneja akamwambia kazi yake imekwisha, na mshahara wake wa mwezi utamfidia mwalimu. Mwalimu akasema hataki jasho la mtoto wa watu, akalitia sweta lake kwenye mfuko aliokuja nao, akatoka. Pesa zile hazikurudi kwa wifi. Meneja aliziacha palepale zilipo, kwenye droo yake.

Kisha akamwonyesha Mama Pacha meza kwa kidevu. Kuanzia sasa ilikuwa yake. Suruali na mashuka navyo vingebaki vyake, kwa mshahara ule ule, kwani hali ya biashara si anaiona mwenyewe? Mama Pacha akasema asante, bosi. Alikimbia kati ya meza na mashine mpaka miguu ikamvimba, na kila mteja wa hariri aliyefika kaunta aliuliza yule binti yuko wapi.

Alipotoka alimkuta wifi anamngoja getini. Wakaongozana. Walipofika kona ya nyumbani, wifi alisimama.

"Nilikuangalia, wifi," alisema. "Ungekataza, ningeacha."

Mama Pacha akahamishia mkoba wake bega la pili.

"Kaka nitamwambia kazi imepungua. Na wewe useme hivyo hivyo. Mkigombana ninyi, hiyo nyumba haikaliki."

Akampokea mkoba begani, maana alimwona amechoka, akatangulia. Mama Pacha akamfuata, vidole vikimwaka kwa kazi ya watu wawili. Ule utamu wa mchana aliutafuta, haukuwepo. Wivu ulikuwepo, mzima, tena umeongezeka. Alimtazama yule binti akitembea mbele yake na mikoba miwili, hana kazi, shingo imenyooka, akatamani kama angekuwa yeye.