Kibanda Kisichopigwa X

Asubuhi watu wa halmashauri walipita na kopo la rangi nyekundu, wakapiga X kwenye vibanda arobaini. Soko letu lina vibanda arobaini na kimoja. Nilitembea mstari mzima, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, X baada ya X, mpaka nikafika kibanda cha vyombo cha shemeji yangu. Mbao zake zilikuwa safi kabisa. 

Shemeji huyu, mume wa dada yangu, ndiye mjumbe wetu. Tunamwita Bwana Hoja, maana hata ukimsalimia atakujibu kwa hoja tatu. Sokoni tunachagua mjumbe mchana kweupe: unasimama nyuma ya unayemtaka, mistari inahesabiwa, basi. Mjumbe naye anakwenda ukumbini, na huko yeye na wenzake ishirini wanamchagua mwenyekiti wa mji kwa kura ya siri.

Tulimtuma na neno moja tu: mchague Mwalimu. Mpinzani wake, tajiri wa mbao, alikuwa ametangaza wazi kwamba soko litavunjwa yapatikane maegesho ya magari. Mwalimu akashindwa, kumi kwa kumi na moja. Bwana Hoja akarudi kichwa chini, akaapa mbele yetu kwamba kura yake alimpa Mwalimu. Nami, mjinga wa mwisho, nikamwamini.

Saa nne akaja kibandani kwangu kuchukua koti lake la vikao nililokuwa namshonea.

"Shemeji, limekwisha?"

"Limekwisha. Kwa nini kibanda chako hakina X?"

Akatazama pembeni. "Labda rangi iliwaishia."

"Iliwaishia kwako, halafu ikarudi kwa jirani yako muuza mkaa?"

Akavuta kiti, akakaa, akakunja nne. Nikajua hoja zinakuja.

"Shemeji, tuongee kama watu wazima. Mlinichagua ili nifikiri kwa niaba yenu. Kama mlitaka mtu wa kufikisha salamu tu, mngeandika barua. Nimefika kule, nimesikiliza pande zote, nikaona huyu bwana ana mipango. Mjumbe ana dhamiri yake."

"Dhamiri yako inauza sufuria?"

"Usinivunjie heshima."

"Heshima ipi? Miaka kumi na saba niko kwenye cherehani hii. Wanangu wanakula hapa, wanasoma hapa. Umetumwa na soko zima, ukaenda kujichagulia kibanda chako!"

"Kura ni siri. Huna ushahidi. Na hakuna kifungu cha kuniondoa mpaka miaka mitano iishe." Akasimama, akanyoosha mkono. "Naomba koti langu."

Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Nikamtupia koti kifuani. Akalivaa palepale, akajitazama kwenye kioo changu. Lilimkaa vizuri sana, na hilo nalo likazidi kuniudhi.

Alipotoka nikamfuata mpaka katikati ya njia, nikapaza sauti wote wasikie.

"Jamani, nani alituletea mtu huyu? Nani alimchagua?"

Mashine za kusagia zilizimwa. Fundi viatu, aliyegombea na Bwana Hoja akashindwa, alikuwa anapanga kalibu zake za kuundia viatu kwenye sanduku. Hakuinua hata kichwa.

"Fundi," akaniambia, taratibu kabisa, "siku ile yeye alipata ishirini, mimi kumi na tisa. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Dada yako akaja akakushika mkono, akakuambia usimwaibishe mumewe. Ukahama mstari."

 Nikamtazama muuza mkaa, nikamtazama mama wa maharage, na wote wakanitazama bila kupepesa. Walikuwepo siku ile. Kila mmoja wao aliniona nikihama.