Kilango cha Dirisha la Delfina

Ivano alipomletea vipimo vya madirisha ya mama yake, Celso, seremala mzee, nusura amkumbatie. Nani anatengenezea madirisha mabawa mapya ya mbao katika nyumba isiyo na mtu? Miezi saba ilikuwa imepita tangu Delfina, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, avunjike nyonga na kuchukuliwa na mwanawe huyo kwenda mji wa Genova. Tangu hapo zilikuwepo siku Celso alilala bila kusema neno na mtu yeyote, na upweke ulimuuma hasa.

"Anarudi lini?"

"We tengeneza kwanza, Mzee Celso," Ivano alisema, akatazama saa.

Basi akatengeneza. Wiki tatu alishinda karakanani, orofa ya chini ya jiko lake, akipiga randa msonobari na kuchimba kwa patasi matundu ya luva, vile vibao vya kupitisha hewa, yote kwa mlalo mmoja, maana moja likienda kombo bawa zima linaharibika. Sehemu ya chini ya kila bawa aliweka kilango cha kusukuma nje, kama nyumba zote za pale, mwanamke achungulie bila kuonekana. Vilango vilimchukua siku nne nzima. Delfina bila kuchungulia? Thubutu!

Siku ya kuyapachika alipanda ngazi za nyumba ya Delfina na bawaba zake, moyo ukimdunda. Chumbani hamkuwa na kitanda.

"Nyumba tumeuza," Ivano alisema. "Mnunuzi alitaka madirisha mazima. Mama yuko kwa masista, anatunzwa. Ningekwambia, ungekataa kazi."

"Ningekataa, ndiyo! Mwongo mkubwa we!"

Lakini hasira ilimwishia upesi, akabaki amechoka tu. Akafunga bawaba, akavuta mabawa, akasukuma kilango kukijaribu, akainama kuchungulia. Miaka yote alidhani Delfina anatazama wapita njia. Kumbe wapi! Kichochoro kilionekana kipande tu. Kilichojaa machoni ni jiko lake yeye Celso: meza, kiti kimoja, sufuria ya juzi.

"Alipokuwa hapa, kila jioni nikimpigia simu, habari ni wewe," Ivano alisema nyuma yake, sasa kwa upole. "Celso leo kala supu. Celso leo hajagusa kitu, sijui ana nini. Hata huko aliko bado ananiuliza."

Celso alishikilia ukingo wa dirisha. Tangu aanze kuishi mwenyewe, miaka kumi na tisa, alidhani anakula peke yake.

"Mwambie nimekula," alisema. Tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni.